Bette Davis: Malkia wa Hollywood aliyeishia kwa muvi za kutisha za TV, na bado akachapa kazi kama ni Oscar

Wikendi iliyopita nilikuwa kejani, mvua inanyesha, bando imebaki kidogo, sina pa kwenda. Nikaamua kucheki muvi moja ya kitambo sana inaitwa Scream, Pretty Peggy. Hii si muvi ya sinema. Ilitengenezwa ya TV moja kwa moja, stesheni ya ABC ya Marekani ikaionyesha Novemba 1973, na inaisha hata kabla saa moja na nusu haijafika. Nilikuwa natafuta tu kitu cha kuchekelea.

Na kusema ukweli, nilicheka. Stori ni ya msichana wa kolegi anaitwa Peggy, mchangamfu kupita kiasi, ambaye anachukua kibarua cha kazi ya nyumba kwa mchonga sanamu mmoja mwenye doo. Jamaa anaishi na mathe yake kwa boma kubwa. Pia kuna dada yake, ambaye tunaambiwa kichwa haiko sawa, amewekwa kwa chumba cha juu ya gereji na hakuna mtu anaruhusiwa kumwona. Msichana aliyefanya hiyo kazi kabla ya Peggy alipotea. Sisi watazamaji tunajua alienda wapi, juu muvi inaanza na yeye akiuawa na mtu mwenye nywele ndefu na gauni jeupe. Babake anakuja kuuliza mtoto wake ako wapi. Peggy, badala ya kubeba bag na kuhepa mbio, anaendelea kupangusa meza.

Kama hutaki kujua mwisho, ruka hii aya, ingawa miaka 50 imepita na nadhani ulikuwa na muda wa kutosha. Huyo dada alikufa kitambo. Kaka yake ndiye anavaa wigi na gauni lake, anatoka usiku na kisu. Ni Psycho ya Alfred Hitchcock imepigwa rangi mpya haraka haraka. Ukiwa macho utaishtukia mapema, na hiyo wigi haisaidii mtu yeyote kuogopa.

Lakini kila mara mathe wa hiyo nyumba akiingia, nilikuwa naacha kucheka. Mwanamke mzee, macho makubwa kama taa za gari, anaongea polepole kama mtu anayepima kila neno kabla alitoe. Anajua siri ya mtoto wake na amenyamaza. Kila mtu mwingine anaigiza muvi ya TV ya bei nafuu. Yeye anaigiza mama ambaye amekaa na mzigo mpaka umemkunja.

Huyo mathe ni Bette Davis. Wakati huo alikuwa na miaka 65, na Oscar mbili nyumbani. Swali likanishika: mtu wa Oscar mbili alifikaje kwa hii wigi?

Mtoto wa mama mmoja

Jina lake la kuzaliwa ni Ruth Elizabeth Davis. Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1908 kwa mji wa viwanda unaitwa Lowell, jimbo la Massachusetts. Babake alikuwa wakili. Mwaka wa 1915 ndoa ikavunjika, na mamake, Ruthie, akabaki na wasichana wawili wa kulea. Alifanya kazi za hapa na pale, kisha akasomea upigaji picha na hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Wale mmelelewa na mathe mmoja anayezungusha vibarua vitatu mnajua hiyo picha vizuri.

Bette alipotaka kuwa muigizaji, mlango wa kwanza ulifungwa. Mwigizaji mkubwa wa New York, Eva Le Gallienne, alimkataa kwa shule yake ya uigizaji, akiona hakuwa amemakinika. Akaenda shule nyingine, akaanza na vikundi vidogo vya jukwaani, na kufikia 1929 alikuwa ameingia Broadway.

Mwaka wa 1930 kampuni ya Universal ikamwita Hollywood. Alisafiri kwa treni na mamake. Stori ambayo Bette mwenyewe alipenda kusimulia ni kuwa jamaa aliyetumwa kumpokea stesheni alirudi ofisini mikono mitupu, juu hakuona mtu yeyote anayefanana na staa. Hebu fikiria. Umetoka mbali hivyo, umesimama na masanduku yako, na mtu amekupita juu hufanani na ndoto yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake ya kwanza. Hollywood ya enzi hiyo ilitaka sura fulani, na yeye hakuwa nayo. Muvi zake za mwanzo zilipita bila mtu kushtuka. Universal wakamwachilia. Alikuwa karibu kurudi New York wakati mwigizaji mzee George Arliss alimchagua kwa muvi ya 1932, The Man Who Played God. Kutoka hapo kampuni ya Warner Bros ikampa kandarasi.

Alipigana na bosi kortini

Kitu kilichomtoa ni kitu ambacho masupa wengine walikuwa wanakimbia. Mwaka wa 1934 aliomba kuigiza Mildred kwa Of Human Bondage, mwanamke mbaya, mkali, anayeugua na kuonekana vibaya kwa skrini. Wenzake waliogopa kuharibu jina. Yeye alitaka aonekane hivyo hivyo, bila kupambwa. Wakati hakuteuliwa kwa Oscar, watu walipiga kelele mpaka wapiga kura wakaruhusiwa kuandika jina lake kwa mkono. Hakushinda, lakini mwaka uliofuata alishinda na Dangerous.

Ungedhani basi Warner wangempa muvi safi. Zii. Kandarasi za enzi hizo zilikuwa kama kamba. Kampuni ndiyo inaamua utaigiza nini, na ukikataa unasimamishwa bila mshahara, halafu huo muda wa kusimamishwa unaongezwa nyuma ya kandarasi. Yaani unaweza kumaliza miaka yako na bado una deni la miezi.

Mwaka wa 1936 Bette alichoka. Akahepa kwenda Uingereza kufanya muvi na watu wengine. Warner wakamfuata na kesi London. Alishindwa. Akarudi Marekani akiwa na madeni na bila kazi nyingine ya kwenda, kwa bosi yule yule aliyempeleka kortini.

Lakini kitu kilikuwa kimebadilika. Warner walianza kumpa script za maana. Mwaka wa 1938 akafanya Jezebel na kubeba Oscar ya pili. Kutoka hapo aliteuliwa kwa Oscar miaka mitano mfululizo. Na ile vita ya kandarasi haikufa. Mwaka wa 1944 mwigizaji mwenzake Olivia de Havilland aliwashinda Warner hao hao kwa mahakama ya California, na mtindo wa kuongeza muda wa kandarasi ukavunjwa. Bette alipigana akaanguka, mwingine akapita kwa hiyo njia. Msanii yeyote wa mtaa aliyewahi kusaini karatasi bila kuisoma anajua kwa nini hiyo ni stori kubwa.

Miaka ya moto

Mwaka wa 1941 alichaguliwa rais wa Academy, ile bodi inayopeana Oscar. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia hicho kiti. Alikuja na mapendekezo, akagundua walitaka tu jina lake kwa barua, na baada ya muda mfupi akajiuzulu.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokolea, yeye na mwigizaji John Garfield walianzisha Hollywood Canteen, ikafunguliwa Oktoba 1942. Ilikuwa klabu ya wanajeshi wanaoelekea vitani. Chakula bure, densi bure, na anayekuletea sahani anaweza kuwa staa uliyemwona kwa sinema wiki iliyopita. Jeshi la Marekani lenyewe wakati huo lilikuwa limetenganisha Weusi na Weupe. Canteen iliwapokea wote kwa mlango mmoja.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Aliolewa mara nne. Mume wa pili alianguka barabarani Hollywood mwaka wa 1943 na kufa. Ndoa nyingine tatu ziliishia kwa talaka. Alizaa binti mmoja mwaka wa 1947, na akiwa na mume wa nne akachukua watoto wawili zaidi. Mmoja wao, msichana, alipatikana na jeraha la ubongo na akalazimika kuishi kwa shule maalum. Hiyo ni karo ya kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, staa uwe kwa chati au usiwe. Mkishangaa baadaye kwa nini hakuwa anakataa kazi, kumbukeni hapo.

Mwaka wa 1949 aliachana na Warner, miaka 18 tangu aanze. Wengi walisema ameisha. Halafu Claudette Colbert akaumia mgongo, na nafasi yake kwa All About Eve ikaangukia Bette. Muvi ikatoka 1950, ikateuliwa kwa Oscar 14. Bette aliigiza staa wa jukwaani aliyepita miaka 40, anayemwona msichana mdogo akimnyang'anya kila kitu taratibu. Alikuwa na miaka 42. Muvi ilimpa sifa, lakini pia ilikuwa inamwonyesha kinachokuja.

Tangazo la kutafuta kazi

Kilichokuja kilikuwa kimya. Miaka ya 50 ilipita na muvi chache zisizoshika. Wanaume wa rika lake walikuwa bado wanapewa mapenzi na wasichana wa miaka 25 kwa skrini. Yeye alikuwa anaonekana mzee.

Septemba 1962 wasomaji wa Variety, gazeti la watu wa biashara ya burudani, walikuta tangazo dogo la mtu anayetafuta kazi. Mama wa watoto watatu, ameachika, ana uzoefu wa miaka 30 kwa filamu, anataka ajira ya kudumu Hollywood. Mwenye tangazo alikuwa Bette Davis.

Watu walibishana kama ni mzaha au ni kilio. Ilikuwa mchanganyiko. Wakati huo alikuwa amemaliza kushuti muvi mpya na hakuwa na njaa ya kesho. Lakini mtu hafanyi mzaha kama huo kama hauna ukweli unaouma.

Hiyo muvi mpya ilikuwa What Ever Happened to Baby Jane?, yeye na Joan Crawford. Hawa wawili hawakupendana hata kidogo. Kampuni kubwa hazikutaka kuweka doo kwa wanawake wawili waliopita miaka 50, kwa hivyo wote walikubali mshahara wa chini na wakachukua asilimia ya mapato. Bette aliigiza Jane, aliyekuwa staa akiwa mtoto, sasa ni mzee anayemtesa dada yake kwa kiti cha magurudumu. Vipodozi alijitengenezea mwenyewe: poda nyeupe imepakwa tabaka juu ya tabaka, kama mtu ambaye hajawahi kuosha uso, anaongeza tu. Staa mwingine angeomba kamera isimame mbali. Yeye alitaka isogee karibu.

Muvi ikalipuka. Zile asilimia zikawa ganji ya maana. Bette akateuliwa kwa Oscar tena na akapoteza kwa Anne Bancroft, ambaye hakuwa ukumbini. Na nani alipanda jukwaani kumpokelea Bancroft? Joan Crawford, ambaye hata hakuwa ameteuliwa. Alikuwa amepanga mapema. Beef za mtandaoni za sai bado hazijafika hapo.

Kutoka sinema hadi sebuleni

Baby Jane ilifungua mlango mmoja na kufunga mingine. Hollywood ilikuwa imegundua kazi ya kuwapa mastaa wakongwe: mama kichaa, yaya muuaji, mjane mwenye siri. Bette alizifanya. The Nanny ilikuja 1965 na The Anniversary 1968, zote mbili zimeandikwa na Jimmy Sangster, Mwingereza aliyeandika Dracula ya Christopher Lee. Sangster huyo huyo ndiye mmoja wa waandishi wa Scream, Pretty Peggy.

Miaka ya 70 stesheni za Marekani zilikuwa na njaa ya muvi. ABC ilikuwa na nafasi ya kila wiki ya muvi mpya za TV, na hizo zilishutiwa haraka kwa bajeti ndogo. Hofu ilikuwa rahisi kutengeneza. Tafuta nyumba kubwa, zima taa, leta staa mkongwe ambaye mathe na buda wako sebuleni watamtambua. Ndivyo kizazi kizima cha malkia wa zamani kilipata kazi.

Si zote ni za kujivunia. Kwa Madame Sin ya 1972 walimpaka vipodozi aonekane mwanamke wa Asia, na ukiitazama leo unaona aibu kwa niaba ya kila mtu aliyekuwepo. Halafu kuna The Dark Secret of Harvest Home ya 1978, iliyoonyeshwa na NBC kwa sehemu mbili. Familia inatoka New York kuhamia kijiji kizuri cha wakulima wa mahindi. Watu wakarimu, mboga safi, hewa tamu. Bette ni Mjane Fortune, nyanya wa kijiji anayejua dawa ya kila ugonjwa. Taratibu unaanza kuuliza hayo mavuno yanalipiwa na nini. Hiyo sikuicheka hata mara moja. Anatabasamu kama nyanya yako shags, na ndiyo maana inaogofya.

Na kuna kitu kimoja cha kuchekesha kuhusu TV ambayo watu waliona ni shimo la mwisho. Mwaka wa 1979 Bette alifanya muvi ya TV isiyo ya kutisha, Strangers: The Story of a Mother and Daughter, ya mama na binti waliokosana kwa miaka mingi. Ilimpa Emmy. Miaka miwili kabla ya hapo, 1977, alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya maisha ya American Film Institute.

Mwaka wa 1981 Kim Carnes akaachilia Bette Davis Eyes, ikakaa namba moja Marekani wiki tisa. Ndiyo hiyo mnaisikia kwa mat Jumapili dereva akiamua ni siku ya old skool. Bette aliwaandikia waliohusika barua za shukrani. Sasa hata vijana walikuwa wanamjua.

Kisu kilichotoka ndani

Mwaka wa 1983 alipatikana na saratani ya matiti, akakatwa titi moja. Siku chache baadaye akapigwa na kiharusi, mara kadhaa. Upande mmoja wa uso na mkono ukalegea. Ilibidi ajifunze upya kutembea na kuongea.

Alipokuwa ndio anasimama, mwaka wa 1985 binti yake wa kuzaa alitoa kitabu akimchora kama mama mlevi, mtawala, asiyeweza kuishi naye mtu. Wengine waliomjua walikipinga, mtoto wake wa kiume akiwemo. Wengine walisema ukweli ulikuwa katikati. Bette alijibu kwa kitabu chake mwaka wa 1987, na akamwacha huyo binti nje ya wosia. Mtu aliyepata Emmy kwa kuigiza mama na binti wanaorudiana hakuwahi kurudiana na wake.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mgumu. Aligombana na wakurugenzi, wenzake, waume. Huo ugumu ndio ulimpeleka London kupigana na bosi, na nadhani ndio huo huo uliokaa mezani nyumbani kwake. Huwezi kuchukua nusu moja ukaacha nyingine.

Aliendelea kufanya kazi. Mwaka wa 1987 alitokea kwa The Whales of August na Lillian Gish, aliyekuwa na zaidi ya miaka 90. Cheki uso wa Bette hapo, umekonda, mdomo umevutwa na kiharusi, na hajaficha chochote. Septemba 1989 alisafiri hadi San Sebastián, Uhispania, kupokea tuzo kwa tamasha la filamu. Saratani ilikuwa imerudi. Hakuweza kurudi nyumbani. Alifia hospitali ya Neuilly-sur-Seine karibu na Paris tarehe 6 Oktoba 1989, akiwa na miaka 81.

Amezikwa Los Angeles, na mamake Ruthie na dada yake hapo hapo. Kwa kaburi kumeandikwa kwamba alipita njia ngumu.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, karo ikikataa, na tangu hapo nimefanya kazi ambazo singependa classmates wangu wazione. Kwa hivyo nilirudia ile muvi, bila kucheka wigi. Nilimwangalia mathe tu. Hakuna scene moja ambapo anaonyesha kuwa hii kazi iko chini yake. Hakonyezi kamera. Peggy anabwabwaja, wigi inapita dirishani, na Bette Davis amekaa tu hapo, anasikiliza nyayo za mtoto wake, uso umejaa hofu ya kweli.

Itafute. Zima taa, na usiseme sikukuonya kuhusu hiyo wigi.